Kuvunjika kwa Koleo si Mwisho wa Uhunzi

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa Kinjumbi, Wilaya ya Kilwa, mbele ya wajumbe wa kamati za parokia, viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa, na wageni waliowakilisha wafadhili wetu. Mada iliyotolewa ilikuwa "Kujiwekea malengo na kupokea mabadiliko katika hatua mpya ya maisha". Tumeyafupisha kidogo ili yaenee katika kurasa hizi. – Mhariri)



Nimepewa mada ndefu na muda mfupi. Nitajitahidi nisiwachoshe, maana mtu aliyeacha shamba lake asubuhi ya leo ana haki ya kurudi nyumbani na kitu mkononi.

Tulichokirithi, na kilichopungua

Nianze na jambo mnalolijua kuliko mimi. Katika nchi hii ya Wamatumbi, na kwa majirani zetu Wangindo na Wamwera, mtoto haachwi avuke peke yake kwenda utu uzima. Mvulana ana jando, msichana ana unyago. Yupo ngariba, yupo kungwi, yupo somo. Mwali anatengwa kwa muda, anafundishwa, anaonywa, kisha anatolewa mbele ya watu kwa ngoma na nguo mpya. Siku hiyo kijiji kizima kinajua kwamba fulani wa jana siye wa leo. Hata mapadre wa zamani waliona uzito wa jambo hili. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi kuanzia mwaka 1926, hakulipiga marufuku jando. Alitafuta namna ya kuliingiza katika maisha ya Kanisa.

Sisemi kwamba kila kilichomo ndani ya mila hizo ni chema. Unyago unaomtoa msichana shuleni na kumwingiza katika ndoa kabla ya wakati hatuutetei, na tumekwisha kulizungumza hilo katika mikutano mingine. Ninachotaka tukione ni hekima iliyomo: kwamba mtu anapobadilika hatua ya maisha anahitaji mambo manne. Anahitaji muda wa kuaga ya zamani. Anahitaji wa kumfundisha mapya. Anahitaji kazi ya kufanya akitoka. Na anahitaji mashahidi.

Sasa nawauliza: mtu akistaafu, nani anamfundisha? Mama akifiwa na mume, baada ya arobaini kwisha na wageni kuondoka, nani anakaa naye chini na kumwambia maisha ya sasa yanaendeshwa hivi? Bibi wa miaka 65 akiletewa wajukuu wanne kwa basi, nani anamfanyia unyago wa kulea upya? Kijana aliyemaliza kidato cha nne na hakuchaguliwa kuendelea, nani anampeleka kumbini? Hayupo. Tunawafundisha watoto kuvuka mto mmoja, halafu mito mingine yote tunawaacha watu wavuke kwa kubahatisha. Wengi wanazama tukiwatazama, na tunasema ni bahati yao mbaya.

Ndiyo maana nasema hii si mada ya watu wa mjini. Ni mada yetu.

Mabadiliko hayabishi hodi

Wapo wanaosema, "Mimi sitaki mabadiliko, nataka niachwe nilivyo." Ni maneno mazuri, lakini hayajawahi kumwacha mtu alivyo.

Wazee mliopo hapa mnakumbuka mwaka 1974, Operesheni Vijiji, watu walipohamishwa wakaacha mashamba na makaburi ya wazazi wao. Mnakumbuka pia kivuko cha Ndundu. Miaka yote hiyo ukitaka kwenda Dar es Salaam ulilala Rufiji ukisubiri pantoni, na masika barabara ilikufa kabisa. Mwaka 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja. Sote tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini mkumbukeni mama aliyekuwa akiuza chai, maandazi na samaki wa kukaanga kwa abiria waliosubiri pale kivukoni. Kwake yeye daraja lile lilikuwa msiba wa biashara. Mabadiliko yale yale yaliyomfungulia njia mwenye machungwa yalimfungia njia mwenye chai.

Na juzijuzi tu, Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara kuu pale Somanga, na mkoa wote ukakwama. Aliyekuwa na mzigo sokoni na aliyekuwa na mgonjwa wa kupeleka mbele walijifunza siku ile kwamba hata lami si ahadi.

Kwa hiyo swali si kama tunataka mabadiliko. Yanakuja. Swali ni kama yatatukuta na mpango wetu wenyewe, au yatatukuta tumekaa.

Hapa sharti nitofautishe mambo mawili, maana historia ya nchi hii inanidai. Hapo Nandete, katika vilima hivi vya Matumbi, mwezi Julai mwaka 1905, babu zetu waling'oa miche ya pamba, na vita ya Majimaji ikaanza. Je, walikuwa watu wa kukataa mabadiliko? Walikuwa wakulima hodari. Walichokikataa hakikuwa kilimo, bali kulimishwa: shamba si lao, uamuzi si wao, faida si yao, na kiboko juu yake. Nawaomba muishike tofauti hiyo. Lengo ambalo mtu hakulichagua mwenyewe, hata likiwa zuri kiasi gani, kwake ni pamba ya Mjerumani. Atalilima akiwa anatazamwa, na siku msimamizi akigeuka ataling'oa.

Wageni wetu wafadhili, neno hilo nitawarudia nalo baadaye.

Mifano miwili ya watu wazima

Mfano wa kwanza ni wa nyumbani. Novemba 1985 Mwalimu Julius Nyerere aliacha urais akiwa na umri wa miaka 63. Neno alilolitumia, kung'atuka, lilitoka katika lugha ya kwao Kizanaki, na leo ni Kiswahili cha kila mtu. Alirudi Butiama na kulima. Lakini hakukaa kusubiri kufa. Alibaki mwenyekiti wa chama hadi 1990, na kuanzia mwaka 1987 aliongoza Tume ya Kusini, iliyochunguza hali ya nchi maskini duniani. Alitafsiri Injili na Matendo ya Mitume kwa tenzi. Kuanzia 1996 alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, na kazi hiyo ilikuwa bado mikononi mwake alipofariki Oktoba 14, 1999. Tazameni vizuri: hakuendelea na urais kwa mlango wa nyuma. Aliacha kazi moja kwa hakika, akashika nyingine kwa hakika.

Mfano wa pili ni wa jirani zetu Kenya. Mwaka 2003 serikali yao ilifuta ada ya shule ya msingi. Mzee mmoja wa Eldoret, Kimani Maruge, aliyewahi kupigana katika Mau Mau, akasikia tangazo hilo. Januari 2004, akiwa na miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiyo. Alivaa sare, kaptura na soksi, akaketi na watoto wa umri wa vitukuu vyake. Hakwenda kufanya mzaha. Alikuwa na malengo yanayotajika: asome Biblia mwenyewe bila kusomewa, na aweze kuhesabu fedha zake asipunjwe. Mwaka uliofuata alifika New York kuzungumza Umoja wa Mataifa juu ya elimu. Machafuko ya mwanzoni mwa 2008 yalimkuta Eldoret, akapoteza makazi, akahamia Nairobi, na huko pia akaendelea na masomo hadi alipofariki mwaka 2009.

Wapo hapa akina mama waliojifunza kusoma katika madarasa ya kisomo baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Nyinyi hamhitaji kuambiwa kwamba mtu mzima anajifunza. Mlikuwa na lengo, mlikuwa na mwalimu, na mlikuwa mmekaa pamoja.

Maandiko nayo hayakuweka umri wa mwisho wa kuanza. Ibrahimu aliondoka Harani akiwa na miaka 75. Kalebu, akiwa na miaka 85, aliomba apewe nchi ya milima, si kiti cha kupumzikia. Na ndugu zetu Waislamu wanajua kwamba Mtume Muhammad alikuwa na miaka 40 wahyi ulipoanza kumshukia, na kwamba Bibi Khadija alikuwa mjane na mfanyabiashara mwenye mali yake alipoolewa naye.

Namna ya kujiwekea lengo

Sasa tuingie kazini. Nitataja hatua tano. Waandishi wa kamati wanaweza kuandika.

Ya kwanza, aga kwanza. Mtu hawezi kushika jembe jipya huku mkono mwingine umeshika la zamani. Mwalimu aliyestaafu lakini kila asubuhi anasimama dirishani kwa mwalimu mkuu mpya kumweleza alivyofanya yeye, huyo hajaaga. Mjane anayeambiwa na majirani "usilie, kazana" wiki ya pili tu, huyo amenyimwa kuaga. Mpeni muda. Machozi yasiyolipwa kwa wakati wake hudai baadaye kwa riba.

Ya pili, hesabu ulichonacho kabla ya kuhesabu ulichopoteza. Katika wilaya yetu hii vipo vijiji vya Kikole na Kisangi. Miti ya mpingo ilikuwapo kwao tangu enzi. Wavunaji walikuja, wakachukua, wakaondoka. Wanakijiji walipokaa wakapima msitu wao, wakahesabu miti, wakaweka sheria ndogo na mpango wa kuvuna, mambo yaligeuka. Mwaka 2009 misitu yao ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, wa kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na vijiji. Miti haikuongezeka kwa miujiza. Kilichoongezeka ni daftari. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi mtu mmoja mmoja naye akae aandike: nina ekari ngapi, miti mingapi ya korosho na michungwa, ujuzi gani, afya ya namna gani, watu gani wanaonitegemea na watu gani ninaoweza kuwategemea.

Ya tatu, chagua lengo moja, na lipe tarehe na kipimo. "Nataka kuinua maisha yangu" si lengo, ni dua. Hata nchi yetu ilijiwekea Dira ya Maendeleo ya 2025, na mwezi Julai 2025 ikazinduliwa Dira ya 2050. Ikiwa taifa zima linataja mwaka, mtu mmoja kwa nini asitaje msimu?

Tuchukue mfano wa hesabu. Ni mfano tu, bei mnazijua wenyewe. Mama aliyefiwa na mumewe ana ekari mbili za ufuta. Tuseme amevuna kilo 400 na mnada umempa shilingi 3,000 kwa kilo. Hizo ni shilingi 1,200,000. Mwaka jana fedha kama hizo ziliingia mwezi wa saba na kwisha mwezi wa tisa, na hakuna aliyejua zilikokwenda. Mwaka huu anazigawa siku ile ile ya malipo: 250,000 kulipa madeni na vibarua, 450,000 chakula hadi mavuno yajayo, 150,000 sare, madaftari na michango ya watoto, 150,000 hisa katika kikundi, na 200,000 za lengo lake. Lengo lake ni kuezeka nyumba. Anahitaji bati 24, na kwa bei ya 25,000 kila moja, fedha hizo zinanunua bati 8. Kwa hiyo lengo lake linasomeka hivi: "Nitaezeka nyumba yangu kwa misimu mitatu, bati nane kila msimu, kabla ya masika ya mwaka wa tatu." Hilo unaweza kulipima. Mvua ikiharibu ufuta msimu mmoja, lengo halifi, linasogea. Atakuwa na bati nane au kumi na sita chini ya kitanda, na anajua zimebaki ngapi.

Mstaafu naye vivyo hivyo. Utumishi wa umma unamruhusu mtu kuondoka kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Maana yake tarehe inajulikana miaka mingi kabla. Hakuna msiba unaotoa taarifa mapema kiasi hicho, na bado unatukuta bila maturubai. Mkupuo unaingia, na wiki hiyo hiyo wanatokea ndugu waliokuwa hawajulikani na washauri wa biashara ya basi. Ushauri wangu ni mfupi: miezi sita ya mwanzo usianzishe biashara usiyoijua, usijenge nyumba ya pili, na wala usioe kwa kuwa fedha zimeingia. Lipa madeni, tengeneza shamba, kaa ujifunze. Biashara ambayo haiwezi kukusubiri miezi sita ilikuwa inazisubiri fedha zako, si wewe.

Ya nne, tafuta shahidi. Lengo lililofichwa moyoni huoza polepole bila mtu kujua. Hapa ndipo vikundi vyetu vinapofanya kazi isiyoonekana katika taarifa. Wengi tunadhani VICOBA ni sanduku lenye kufuli tatu. Mpango huu una asili yake kwa akina mama wa Maradi, nchini Niger, walioanza na shirika la CARE mwaka 1991, na siri yake haikuwa sanduku bali kukutana. Kila wiki unakaa na watu walewale wanaojua ulisema nini wiki iliyopita. Naomba kila kikundi kitenge robo saa kwa mwezi ambapo wanachama wawili watatu wanataja lengo lao na walikofikia. Asikemewe aliyekwama. Aulizwe tu: umekwama wapi, na nani hapa anaweza kukushika mkono?

Ya tano, lipitie upya. Kila baada ya mavuno kaa na daftari lako. Lipo lengo litakalotimia, lipo litakaloahirishwa, na lipo utakaloligundua kwamba halikuwa lako, ulilichukua kwa jirani. La namna hiyo liache bila aibu.

Lengo la mjane halisimami hewani

Sasa niseme jambo zito. Tunaweza kumfundisha mjane hatua zote tano, lakini kama shemeji zake wamekwisha kugawana shamba, tumempa kalamu na kumnyang'anya karatasi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Inasema pia kwamba mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki hiyo haina nguvu. Sheria hii imekuwapo kwa zaidi ya miaka ishirini. Haijafika katika kila kikao cha ukoo. Wanakamati mnaokaa kwenye matanga, nyinyi ndio mnaoweza kuifikisha, kwa upole na kwa uthabiti, kabla maneno hayajawa mabaya. Na kwa wanaume wenzangu mnaonisikia: zawadi ya kwanza unayoweza kumpa mkeo kwa ajili ya hatua yake inayokuja ni kuandikisha hatimiliki ya kimila kwa majina yenu wawili wakati bado una pumzi. Hilo ni lengo. Lipe tarehe.

Neno la pili ni juu ya mabinti zetu. Tangu Novemba 2021 Serikali iliporuhusu msichana aliyekatishwa masomo kwa ujauzito arudi shuleni, mlango uko wazi. Lakini mlango ulio wazi haumsaidii mtu asiye na wa kumwachia mtoto. Binti anapotaka kurudi darasani, lengo lake linahitaji bibi mmoja wa kumshikia mtoto asubuhi na kamati moja ya kumnyamazisha anayemcheka. Vyote viwili vinapatikana hapa Kinjumbi bila kuandika andiko la mradi.

Kwa kamati zetu

Ndugu wajumbe, naomba muondoke na kazi tatu.

Kwanza, kila kamati iwe na orodha ya watu wanaoingia hatua mpya mwaka huu: anayestaafu, aliyefiwa, aliyemaliza shule, aliyeletewa wajukuu, aliyerudi kutoka mjini bila kazi. Msiorodheshe Wakristo peke yao. Njaa na upweke haviulizi mtu anasali wapi.

Pili, kila mmoja katika orodha hiyo apate mtu wa kumtembelea kwa mwaka mzima. Tumwite somo, kama tulivyozoea. Asiwe mtu wa kutoa mahubiri. Awe mtu aliyekwisha kuvuka mto huo huo: mjane kwa mjane, mstaafu kwa mstaafu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua kwamba wazee ni hazina ya ujuzi. Hazina isiyofunguliwa ni sanduku tu.

Tatu, na hapa naomba mnivumilie, tujitazame sisi wenyewe. Zipo kamati ambazo mwenyekiti, katibu na mhazini ni walewale kwa miaka mingi. Walianza wakiwa na nguvu, wakajenga zahanati, wakachimba visima, tunawashukuru. Lakini vijana walioingia kama wajumbe wamekuwa na mvi wakiwa wajumbe. Hatuwezi kumfundisha mstaafu kuaga ikiwa sisi hatujui kuaga. Kila mwenye cheo hapa ajiulize: nitakikabidhi lini, na nani ninamwandaa tangu leo? Kukabidhi si kufukuzwa. Mzee aliyekabidhi vizuri anabaki na kiti chake cha heshima barazani, na watu wanamfuata huko kumuuliza. Aliyeng'ang'ania anabaki na mihuri tu.

Kwa wafadhili wetu

Wageni wetu wapendwa, tunawashukuru kwa yote. Niliahidi kuwarudia na neno la pamba.

Fomu nyingi tunazojaza huuliza lengo la mradi kwanza, na mtu huulizwa baadaye kama analipenda. Tunaomba utaratibu ugeuzwe. Mkutane na mama yule wa bati 24, mumuulize yeye lengo lake, kisha muone fedha zenu zinaingia wapi. Pengine hahitaji bati kutoka kwenu kabisa. Pengine anahitaji mtu wa kumsindikiza katika baraza la ardhi, au nauli ya kufuata hati Kilwa Masoko, au mbegu nzuri kwa wakati. Ni vitu vidogo, havipigwi picha vizuri, lakini ndivyo vinavyofanya misimu mitatu ifike mwisho.

Na pili, tuvumiliane katika muda. Taarifa ya robo mwaka haiwezi kuonyesha mtu aliyejifunza kuishi upya. Miezi mitatu ya kwanza ya mjane huenda ikawa ni ya kuaga tu. Msiandike kwamba hakuna kilichofanyika.

Mwisho

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi ambaye koleo lake limevunjika bado ana moto, bado ana nyundo, na zaidi ya yote bado ana ujuzi mikononi. Atashika chuma kwa namna nyingine hadi atakapofua koleo jipya, na atalifua yeye mwenyewe, maana ndiyo kazi yake.

Basi kabla hamjala chakula hiki akina mama walichotuandalia, kila mmoja amgeukie aliye karibu naye na kumtajia jambo moja analotaka liwe limefanyika kabla ya ufuta wa mwaka ujao. Moja tu, na tarehe yake. Na aliyeambiwa alishike, maana sasa yeye ndiye shahidi.